Pingamizi Dhidi ya Pipa la Saruji Kukaa Nafasi Yangu Nyuma ya Trekta

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Wakulima na Wabeba Mizigo,
Ofisi ya Ghala.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUONDOLEWA KWANGU KATIKA WADHIFA WA UZITO WA NYUMA

Nakusalimu kwa heshima zote za ofisi yako. Hali yako siiulizi, kwa sababu asubuhi ya leo nimekuona mwenyewe ukitafuta kiatu cha kushoto chini ya kitanda chetu, ukiwa mzima wa afya na mkali wa ulimi, na kiatu nilikipata mimi. Najua pia kwamba jambo hili ningeweza kukueleza mezani tukinywa chai. Nilijaribu juzi. Ukaniambia, mbele ya mdogo wako, kwamba mambo ya Kikundi yanaletwa ofisini kwa maandishi na nyumbani tunazungumza ya nyumbani. Hewala! Nilikuwa karani wa masjala mpaka siku niliyostaafu. Ukinitaka kwa maandishi, umenikaribisha kwangu.

Ninachoomba ni kimoja. Jumatatu, fundi atakapoleta lile pipa lililojazwa saruji ili alifunge nyuma ya trekta, pipa lirudishwe lilikotoka na mimi niachiwe ubao wangu.

Kwa faida ya wajumbe wasiojua historia (kuna mmoja amejiunga juzi tu, akaniuliza kama mimi ni abiria), naomba nikumbushe tulikotoka. Trekta letu ni dogo, lakini lina mikono miwili ya mbele inayonyanyua, na nyuma lina ndoano ya kuvutia tela. Siku ya kwanza kazini tuliitwa kunyanyua tangi la maji la zahanati. Wewe ndiye uliyekuwa kwenye usukani, kama hadi leo. Tangi likapanda vizuri. Kisha matairi ya nyuma nayo yakaanza kupanda. Trekta likainama mbele, likabaki limeinua makalio hewani, nawe uko juu yake umekumbatia usukani. Kila mtu alikimbia isipokuwa mimi, na hiyo ni kwa sababu viatu vilikuwa vinanibana. Ukapiga kelele, “Baba watoto, panda nyuma!” Nikapanda. Nikakaa kwa uzito wote niliojaliwa. Matairi yakashuka polepole, tangi likakaa mahali pake, na watu wakapiga makofi mpaka muuguzi akatoka na sindano mkononi kuuliza kulikoni.

Tangu siku ile nina ubao wangu uliofungwa kwa boliti, nina mto wa kukalia, nina mnyororo wa kujishikia, na mtaa mzima unaniita Bwana Uzito. Sijawahi kukasirikia jina hilo. Nilichonga hata mhuri, ambao utauona chini ya barua hii.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu namna nilivyopewa taarifa. Nimejua kwamba nimemwaga unga kwa kusoma karatasi kwenye mlango wa ghala, kati ya tangazo la kurudisha majembe na tangazo la ndoo iliyopotea. Nilikuwa nimekwenda kuchukua ufagio. Karatasi inasema: “Kuanzia Jumatatu uzito wa nyuma utakuwa pipa la saruji. Mzee apumzike nyumbani.” Sahihi ni yako. Naijua, ni ileile iliyo kwenye cheti chetu cha ndoa, na mkia wa ile herufi ya mwisho hujaupunguza mpaka leo. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulilala pamoja, ukanipora shuka kama kawaida yako, na hukunidokezea hata nusu neno. Mtumishi yeyote anastahili kuitwa, kuelezwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujitetea. Mimi nilisimama pale nimeshika ufagio, watu wananipa pole.

2. Kuhusu kile kinachoitwa kuanguka kwangu. Sikuanguka. Nilishuka bila kufuata utaratibu. Ukweli ni kwamba lori la matofali lilikuwa limezama kwenye tope nyuma ya soko, tukafunga mnyororo, nawe ukakanyaga mafuta. Lori likagoma, likagoma, kisha likachomoka kwa mpigo mmoja. Trekta likaruka mbele. Mimi nilibaki palepale nilipokuwa, ila ubao haukuwepo tena chini yangu. Nilipotua, nilitua kwenye lundo la nyanya zilizooza, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu ni bahati njema kabisa.

Kwenye kikao, shemeji yangu mtunza ghala, ambaye ni mdogo wako wa tumbo moja na kwa hiyo sitasema mengi, alitoa taarifa ya tukio hilo kwa mikono na miguu. Alitia chumvi. Alisema niliruka juu ya kibanda cha muuza vyombo. Alisema nilipiga kelele nikimwita mama yangu. Aliigiza nilivyotoka kwenye nyanya nikijifuta macho, akapanda hadi juu ya meza, wanachama wakacheka mpaka wengine wakakosa pumzi, na walipoipata tena wakapitisha azimio kwamba mtu asikae tena nyuma ya trekta. Naomba kumbukumbu za kikao zirekebishwe. Mama yangu sikumwita. Nilikuita wewe, ila ulikuwa umeshafika mbali. Na lori lilitoka, Mheshimiwa! Mzigo ukishatoka, mimi hiyo naiita kazi.

3. Kuhusu mgongano wa maslahi. Hapa naomba Mwenyekiti apige moyo konde asome mpaka mwisho. Daktari alisema nipunguze mwili. Sawa. Nyumbani kuna mwanamke mmoja aliyelichukua neno hilo kama amri ya jeshi. Ananipimia wali kwa kijiko cha sukari. Nyama anaificha nyuma ya bakuli la mboga za majani na kuniambia imeisha, na mimi namsikia akitafuna jikoni. Mwanamke huyohuyo, akishavaa buti na kofia, anakuwa Mwenyekiti wa Kikundi ambacho kazi zake zinategemea unene wangu. Sasa nauliza, kwa unyenyekevu: inawezekanaje mtu mmoja apunguze mali ya Kikundi asubuhi kwa kijiko, kisha mchana aje alalamike kwamba mali hiyo haitoshi?

Madhara yake nimeyaona kwa macho yangu. Wiki ile ya kabichi tupu, tulipokuwa tunanyanyua mashine ya kusaga, nilisikia kabisa matairi ya nyuma yakiruka kidogo. Nikawaambia. Mkasema ni jiwe. Lilikuwa kabichi! Ombi langu ni kwamba chakula changu cha mchana kihesabiwe kuwa mafuta ya trekta, kitolewe ghalani, na mke wa mhusika asiwe na mamlaka nacho.

4. Kuhusu pipa lenyewe. Sina chuki binafsi na pipa. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea kulitazama, kwa nia njema, nikajitambulisha. Ni pipa ambalo zamani lilikuwa la rangi ya kijani, limejazwa saruji mpaka mdomoni, na juu limewekewa pete mbili za kulifungia. Fundi alinikaribisha kigoda na kuniambia ni kazi nzuri sana, haitatikisika. Nikamuuliza maswali ambayo Kamati ilipaswa kuuliza. Lina uzoefu gani? Limewahi kufanya kazi na dereva mwanamke mwenye haraka? Likiona tela linayumba litasema nini? Fundi akaniuliza kama nimekunywa maji ya kutosha, maana jua lilikuwa kali.

Mheshimiwa, mimi nikiwa pale nyuma natazama kule ambako wewe hutazami. Ni mimi niliyepiga kelele gunia lilipodondoka kwenye mteremko wa kanisani. Ni mimi niliyeona kamba ya tela imebaki na uzi mmoja siku tuliyovuta magogo ya mbao. Zaidi ya hayo, makalio yangu yameshajifunza. Mzigo ukinyanyuliwa mbele, nausikia kwenye ubao kabla injini haijaanza kuguna, na naweza kukuambia kama ni mchanga mkavu au mchanga uliolowa. Nawaomba wajumbe wanitajie pipa lenye kipaji hicho. Na kama Kamati itashikilia msimamo wake, basi pipa lianze kwa muda wa majaribio kama mwajiriwa mwingine yeyote, na mimi ndiye nilisimamie.

5. Kuhusu haki zangu kama kifaa. Trekta linatiwa mafuta mapya, linapakwa grisi kila kiungo, linaoshwa kila Ijumaa, na mvua ikidondoka tone moja linafunikwa turubai. Juzi nilikuona unalifuta taa zake kwa kitambaa ambacho nyumbani nimekatazwa kujifutia mikono. Sina wivu. Nauliza tu: mimi ni nini? Kama mimi ni sehemu ya trekta, basi natakiwa nifanyiwe matengenezo. Magoti yangu yanalia nikipanda ngazi, na hakuna aliyewahi kuyaletea grisi. Nadai turubai, nadai kuoshwa Ijumaa, na nikipata hitilafu nitafutiwe spea, nisitupwe. Lakini kama mimi si sehemu ya trekta, kama mimi ni binadamu kamili, basi haiwezekani kazi ya binadamu kamili lipewe pipa. Kamati ichague. Vyovyote itakavyochagua, mimi nabaki.

6. Pipa halisalimii watu. Sina la kuongeza hapo. Njia nzima kuanzia ghalani hadi sokoni mimi napunga mkono, naitikia, nauliza hali za wagonjwa. Heshima ya Kikundi imejengwa na mkono huu.

7. Kuhusu matokeo ya uamuzi huu, ambayo sidhani kama Kamati imeyafikiria. Mkishakubali kwamba pipa linaweza kukaa nafasi yangu nyuma ya trekta, kwa sababu ni zito, limetulia na haliombi chakula, mtazuiaje lisikae nafasi zangu nyingine? Kule sebuleni pia mimi nakaa tu. Pipa linaweza kukaa. Kwenye harusi za upande wenu mimi nakaa mstari wa pili na kunyamaza kama nilivyoelekezwa. Pipa litanyamaza vizuri zaidi. Kitandani linaweza kulalia upande wa ukutani, na shuka halitavuta. Basi Mwenyekiti asiishie njiani. Alichukue pipa, alipeleke kwao, alitambulishe kwa wazee, na wajomba zake walizoee. Mimi nitahamia kwa fundi wa kuchomelea kwenye ile nafasi iliyobaki wazi, na kama kuna mtu atataka kunijaza saruji nitamkaribisha.

Nikishindwa huko, kile kikundi cha ng'ambo ya mto kina trekta kubwa kuliko letu, na nimesikia mtu wao wa nyuma ni mwembamba.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejitahidi kuandika kiofisi, lakini kuna jambo ambalo halina namba. Ninyi mkishatoka asubuhi, nyumba inakuwa kimya kiasi kwamba nasikia jokofu likijizima. Miaka yote nilipokuwa masjala sikujua kwamba saa nne asubuhi ni ndefu namna ile. Mwaka wangu wa kwanza wa kustaafu nilikaa kwenye kile kiti cha dirishani nimeshika tama, nikawa nasubiri barua za watu wengine zipite barabarani. Wewe uliniona. Halafu ukaja na trekta, na siku moja trekta likanihitaji. Sina namna nyingine ya kulisema. Nikiwa pale nyuma, mgongo wangu umeelekea mgongo wako, tunavuta mzigo ambao mtu mmoja hawezi, najiona bado niko kazini. Naogopa kurudi kwenye kile kiti. Ninaogopa kweli, mke wangu.

Samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti.

Kwa hiyo naiomba Kamati isimamishe pipa, inirudishe kwenye ubao, na inipe mkanda wa kujifunga ili kushuka kwangu kuwe na utaratibu. Nasubiri jibu kwa utulivu na naahidi kwamba hadi Jumatatu sitachukua hatua yoyote isiyo ya kistaarabu dhidi ya pipa, trekta wala mtu yeyote.

Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, wale walionipigia kura na wale waliocheka. Nisalimie mtunza ghala na umwambie nyanya zimetoka masikioni. Salamu kwa muuguzi wa zahanati, kwa dereva wa lori la matofali, kwa muuza vyombo ambaye kibanda chake sikukiruka, na kwa trekta, ambalo halina kosa lolote.

Wako mtiifu katika kazi za Kikundi,

Bwana Uzito
(Mhuri: UZITO WA NYUMA – BADO KAZINI)

Nakala: Mke wangu, nyumbani, kwa taarifa tu.

Tanbihi: Barua ilikuwa imeshafungwa, nimelazimika kuichana bahasha. Naanza kwa kukiri kwamba ile ahadi ya ustaarabu haikufika jioni. Nilipokuja kuidumbukiza barua kwenye sanduku la ofisi nilikuta trekta liko peke yake kivulini, na ibilisi akaniambia kwamba trekta lenye tairi bovu haliwezi kufungwa pipa. Nikachuchumaa kwenye tairi la nyuma nitoe upepo kidogo tu. Mheshimiwa, hakukutoka upepo. Yalitoka maji! Yalinipiga usoni, yakaingia mdomoni na puani, yakashuka ndani ya shati, nikaanguka chali (hapo nilianguka, nakiri) nikipiga kelele kwamba trekta linavuja damu.

Shemeji alitoka ghalani mbio. Alipoona ni mimi, na kile kifuniko cha vali ya tairi nilichokuwa nimekishika, alikaa chini kwenye mchanga akacheka mpaka akalia. Alipoweza kusema alinieleza kwamba matairi yote mawili ya nyuma yalijazwa maji ili yawe mazito, kwa ushauri wa fundi, wiki ileile ya tangi la zahanati, siku niliyokwenda kufuatilia pensheni. Fundi alisema hayo maji yanatosha kwa mzigo wowote tutakaowahi kunyanyua, na hatuhitaji kitu kingine nyuma. Shemeji anasema uliwakusanya wote ukawaonya kwamba atakayemwambia mzee atakutambua. Na wanachama walipotaka nishuke baada ya lile la nyanya, ulikubali lifungwe pipa lisilo na kazi yoyote, ili isisemwe kikaoni kwamba mimi nilikuwa sina kazi yoyote.

Basi magogo hayakuwa yangu. Mashine ya kusaga haikuwa yangu, lori halikuwa langu. Lile la kabichi, kumbe kweli lilikuwa jiwe. Nimekaa pale chini nimelowa chapachapa na nimecheka na shemeji mpaka tumeshikana mabega, na hajawahi kunipenda kiasi kile. Naomba malalamiko namba moja hadi saba yafutwe. Pipa lisifungwe, saruji isipotezwe, na wali endelea kunipimia kwa kijiko hichohicho. Upepo na maji nimevirudisha, tairi liko sawa.

Limebaki swali moja, na hili silileti ofisini. Trekta linalala ghalani, upande wa pili wa mtaa, na ukishalichukua huko njia yako ya kazini haipiti kwetu. Kama matairi yalikuwa yanatosha, mke wangu, kwa nini kila asubuhi ulikuwa unazunguka na trekta zima mpaka mlangoni petu na kunipigia honi mpaka nitoke? Usinijibu kwa maandishi. Kesho nitakuwa nimekaa barazani, nimeshavaa viatu.